Maoni ya Mama Yangu

Mama yangu alisimama mbele ya tume ya kukusanya maoni ya Katiba, akasema maneno machache, na kwa maneno hayo mwanawe wa kwanza, kaka yangu, hakumsemesha tena. Nilikuwepo siku ile. Nilikuwa nimekuja kijijini kwetu Ushongo likizo kutoka Tanga mjini, ninakofanya kazi ya kupima na kukata vitambaa katika duka la familia moja ya Kihindi.

Mkutano ulifanyika uwanja wa shule ya msingi. Wageni walifika na magari, wakafunga turubai na spika, wakapanga meza na mashine ya kurekodi sauti. Kila aliyetaka kusema alitaja jina na kazi yake, kisha akapewa kipaza sauti na dakika zake chache. Wazee walizungumzia Muungano na Mahakama ya Kadhi. Vijana walilalamikia ajira, na ufukwe unaozungushiwa ua na wenye hoteli. Mimi nilikaa mkekani pamoja na wanawake, na sikujua kama mama ana la kusema mpaka nilipomwona ananyanyuka, anajitanda kanga yake upya.

Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Aliacha shamba la minazi ambalo yeye na mama walilipanda pamoja. Mama ndiye aliyekuwa akichota maji kisimani kunyweshea miche, mimi nikiwa mgongoni. Alipotoka eda, baba wadogo walikuja wakamwambia shamba ni la ukoo, mwanamke hana fungu ndani yake. Mama alijua thumuni yake, ile sehemu moja kwa nane ya mjane katika mirathi, alifundishwa chuo cha Kurani tangu utotoni. Wakamwambia thumuni hiyo ataipata katika nyumba, na nyumba yenyewe ilikuwa ya udongo na makuti. Kaka yangu, ambaye ndiye angesimama upande wake, alipewa kipande cha shamba kule chini. Akanyamaza.

Mama alikishika kipaza sauti kwa mikono miwili, kama anayekabidhiwa mtoto mchanga.

"Mimi ni mjane, kazi yangu kulima," alisema. "Naomba hiyo Katiba mpya iseme kwamba mwanamke aliyelima na mumewe, mume akifa, asiambiwe yeye ni mgeni. Sitaki cha mtu. Nataka alichonipimia Mwenyezi Mungu. Na kama wanangu wapo hapa, wasikie: shamba lile ndilo lililowalea, na mikono iliyolima ni hii."

Hivyo ndivyo ninavyokumbuka mimi. Kaka alikuwa amesimama nyuma karibu na madarasa, na yeye alisikia mama akisema kwamba mwanawe ameungana na wezi. Baba wadogo walisema aliwataja kwa majina. Nakumbuka wanawake walipiga makofi, nakumbuka baba mdogo mmoja aliondoka huku akipangusa vumbi kwenye kanzu, lakini siku zilivyopita hata mimi nikaanza kuwa na shaka na masikio yangu.

Jioni ile kaka alikuja nyumbani. Hakuingia.

"Umeniita mwizi mbele ya Serikali," alisema akiwa mlangoni.

"Sikukuita mwizi, baba," mama akamjibu.

"Imerekodiwa, mama. Itakaa huko mpaka wajukuu zangu waje waisikie."

Akaenda zake. Tangu hapo harusi za ukoo zilipita mama hakualikwa. Mke wa kaka alijifungua, mama akapata habari kisimani kwa watu baki. Alivumilia, kisha akachoka, akafunga vitu vyake akaja kuishi na mimi Ngamiani, pale Tanga mjini, katika vyumba vyangu viwili vya kupanga.

Katiba yenyewe haikupatikana. Rasimu zilitoka, watu wakabishana redioni, kura tuliyoahidiwa haikupigwa, na polepole jambo lile likaacha kuzungumzwa. Mama hakuacha. Taarifa ya habari ilipoanza alipandisha sauti ya redio, ilipokwisha akaizima.

Kisha figo zikamwanza. Miguu ilivimba, chakula kikawa hakimpiti. Hata bada, ugali wa muhogo, kwa samaki, aliyokuwa akiipenda kuliko wali, alikuwa akiionja na kusukuma sahani. Siku moja namkanda miguu akaniuliza:

"Yale maneno yangu waliyapeleka wapi?"

"Yatakuwa yamehifadhiwa, mama. Nasikia nyaraka zote zipo."

"Nenda kaniangalizie. Nataka mwanangu ayasikie kwa masikio yake kabla sijaenda."

Niliomba ruhusa kazini, nikamwacha mama na jirani, nikapanda basi la alfajiri kwenda Dar es Salaam. Huko nilielekezwa kwenye jengo moja la kuhifadhi kumbukumbu. Niliyemkuta ni mama wa makamo, mtunza nyaraka, mwenye sauti ya upole. Nilimwamkia, nikamweleza shida yangu yote bila kuficha, hata ya kaka. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniandikisha kwenye daftari la wageni, akaingia ndani, akakawia sana.

Aliporudi alikuwa amebeba jalada nene. Tukafungua pamoja, wilaya yetu, kata yetu, mkutano wetu. Maoni yalikuwa yamepangwa kwa mada, mstari kwa mstari, na majina hayakuwekwa. Chini ya haki za binadamu nilisoma: "Mwananchi (Ke), mkulima: Katiba izingatie haki za wanawake."

"Hakuna pengine?" nikauliza.

Tukatafuta kwenye ardhi. Tukatafuta kwenye mirathi. Kulikuwa na maoni ya wanaume wawili kuhusu mipaka ya vijiji, basi.

"Na sauti? Walirekodi, niliona kwa macho yangu."

"Sauti zipo, dada, lakini za upande wenu bado hazijapangwa. Na nyingine tukizijaribu hazifunguki tena. Nikikwambia usubiri nitakuwa nakudanganya. Mgonjwa wako hana muda huo."

Alinitolea nakala ya ukurasa ule, akaniwekea kwenye bahasha, akanisindikiza mpaka mlangoni. Nje sikulia. Nilisikia njaa kali, nikanunua mihogo ya kukaanga nikaila nimesimama juani, na nilipomaliza nikanunua mingine.

Ndani ya basi nilipanga nimdanganye. Mama hakusoma sana, ningeweza kuushika ukurasa ule nikasoma yote niliyoyakumbuka, shamba, thumuni, mikono, na asingejua. Nilipofika nyumbani nikamkuta ameogeshwa, amevaa dera lake jipya na kujitanda, ameketishwa kitandani ananingoja kama anayengoja wageni. Nikashindwa. Nikamsomea kama ilivyo.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena.

"Shamba halimo?"

"Halimo, mama."

"Na thumuni?"

"Haimo."

Alitikisa kichwa taratibu, kama anayekubaliana na bei asiyoipenda. Kisha akaniomba nimlaze, akageukia ukutani. Hakulizungumzia jambo lile tena, wala redio hakuitaka tena.

Nilimpigia kaka simu nikamwambia hali ya mama ni mbaya. Swali lake la kwanza lilikuwa: "Umekipata kilichorekodiwa?"

"Njoo usome mwenyewe," nikamwambia.

Alisema atakuja akishamaliza kuangua nazi. Mama hakumngoja. Alikata roho asubuhi, nikimpa maji kwa kijiko.

Tulimrudisha Ushongo tukamzika karibu na baba. Kaka ndiye aliyeingia kaburini kumpokea, na watu waliniambia alifanya kila kitu sawasawa, hakutetemeka. Siku ya tatu, khitma ilipomalizika na wanaume wakatawanyika, alikuja barazani nilipokuwa naosha sinia za pilau.

"Ile karatasi unayo?"

Nikakausha mikono, nikamletea. Alisoma, akageuza nyuma, akageuza tena mbele.

"Mimi niko wapi hapa?"

"Hupo."

"Na baba wadogo?"

"Hawapo. Hata mama mwenyewe hayupo. Ni hayo tu."

Akaketi chini, kwenye maji niliyomwaga. "Miaka yote hii nilikuwa naona haya hata kupita mbele ya ofisi ya kijiji. Nilijua jina langu limeandikwa huko, kwamba mimi ni mtoto mwizi. Nilikuwa nasema, nikienda kwa mama nitakuwa nimekiri."

Ningeweza kumfariji. Nilikuwa na hasira ya siku nyingi. "Ungeuliza," nikamwambia.

"Ningemuuliza nani?"

"Yeye. Alikuwa hai. Alikuwa kwangu, nauli ya kuja hapo mjini hukukosa."

Akaikunja ile karatasi, akaitia mfukoni. Kisha akalia kwa sauti, mtu mzima mwenye mvi, hata wanawake waliokuwa ndani wakanyamaza, wakidhani kumeletwa habari ya msiba mwingine.

Matanga yalipoanuliwa alitaka nipewe fungu la mama katika shamba. Baba wadogo wakakataa, na mwaka jana wakauza upande wa mbele, ule unaotazama bahari, kwa mtu anayejenga vyumba vya watalii. Kaka aligoma kutia sahihi. Wakauza bila yeye. Akafungua shauri kwenye baraza la ardhi, nami nikaitwa kutoa ushahidi.

Mwenyekiti wa baraza aliniuliza kama kuna maandishi yoyote kwamba marehemu aliwahi kudai haki yake. Kabla sijajibu, kaka alitoa mfukoni ukurasa ule, umekunjwa hata umeanza kukatika. Mwenyekiti aliusoma kwa heshima, akaurudisha.

"Hapa halikutajwa shamba, mzee wangu," alisema. "Wala mtu."

Shauri likaahirishwa, na tangu hapo limeahirishwa tena na tena. Nimeona minazi ya mbele ilivyokatwa. Wamebakiza michache kwa ajili ya kivuli cha wageni. Kaka hunipigia simu siku za Ijumaa. Ananiuliza afya, ananiuliza kazi, ananieleza mvua imenyesha au haikunyesha. Nami namsikiliza mpaka salio lake linakwisha. Kuhusu mama hatuzungumzi.