Mbegu ya Watakaoachwa

Shangazi yangu Amoding alikuwa na hakika kwamba Yesu angerudi kabla ya mvua ya Machi, mwaka ule wa elfu mbili. Hakuwa mtu wa kubahatisha mambo. Hata kuku wake walijua saa ya kuingia ndani. Kwa hiyo aliposema msimu huo hapandi wimbi, sisi wa nyumbani tuliamini mara moja, maana Shangazi kutopanda wimbi ilikuwa ishara kubwa kuliko jua kuzimika.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nakaa kwake Chakol nikingoja bahati. Mhubiri aliyepiga hema karibu na soko alikuwa ametoka upande wa Uganda, mwanamume mwembamba mwenye sauti nene kumshinda. Alihubiri kwamba mtu anayeimba Bwana yu karibu, huku ameweka mbegu nyumbani, ni mwongo: mdomo uko mbinguni, moyo uko shambani. Waumini wakarudi makwao wakala mbegu zao. Karanga za kupanda zikapondwa zikawa mchuzi. Mahindi yaliyoning'inizwa juu ya moto kwa ajili ya msimu yakateremshwa, yakasagwa. Lazima niseme ukweli, tulinenepa.

Watu wakisikia habari hii siku hizi hucheka, nami huwaacha wacheke. Lakini mimi naitamani sana ile miezi miwili. Sijawahi tena kuona watu wakipendana vile. Kila jioni mtu fulani alikuwa akibisha hodi kuomba msamaha. Mzee Emorut alirudisha wilbaro aliyoiba zamani sana hadi mwenye wilbaro akawa ameisahau. Wanaume waliokuwa hawasalimii wake zao wakaanza kuwauliza kama wamelala vizuri. Nyimbo ziliimbwa barabarani, mchana kweupe, na mtu yeyote aliyekupita alikutazama kama anayekuaga. Leo nina duka langu la unga wa posho Busia, wateja wananijua kwa jina, lakini hakuna anayenitazama hivyo.

Mbegu ya Shangazi ilikuwa ya wimbi jekundu, aliyoachiwa na mama mkwe wake, naye aliachiwa na wake. Haikuuzwa popote sokoni. Alikaa nayo kwenye kibuyu, akishindwa kuila na akiogopa kuiweka. Siku kadhaa nilimwona akikishika tu na kukirudisha mahali pake. Kisha akafikiria juu ya wale watakaoachwa.

"Watakula nini?" aliniuliza. "Sisi tukishaenda, hawa wenye watabaki watakula nini?"

Na kwa hesabu ya Shangazi, hakuna aliyekuwa na hakika ya kubaki kumshinda Apolot.

Apolot alikuwa mwanamke jirani yetu. Alifuata samaki Port Victoria na kuwauza sokoni Chakol, alikuwa Mkatoliki, na alipenda ajono, ile pombe ya wimbi ambayo watu huizunguka kwa chungu kimoja na kuivuta kwa mirija mirefu. Dhambi hizo zote Shangazi angeweza kuzivumilia. Kilichowatenganisha ni kipande cha ardhi mpakani mwa mashamba yao, chembamba hata ng'ombe asingeweza kugeukia pale. Kila mmoja alisema ni chake. Walikuwa hawasemezani kwa miaka mingi, na wakikutana mtoni mmoja aliangalia maji na mwingine aliangalia mbingu.

Siku Shangazi alipokibeba kile kibuyu kwenda kwa Apolot, nilimfuata, maana nilidhani watapigana. Tulimkuta uani akianika omena.

"Apolot," Shangazi alisema akiwa bado amesimama, "nimekuja unisamehe. Kile kipande ni chako."

Apolot alisimama na omena mikononi. "Amoding, kwani wewe unaenda wapi?"

"Naenda mbinguni."

"Na utarudi lini?"

"Sirudi. Shika hii mbegu. Nyinyi wenye mtabaki mtahitaji kula."

"Na huko mbinguni hamlimi?"

Shangazi alianza kumwelekeza: changanya mbegu na mchanga mkavu ndipo ienee vizuri, usiimwage kama chumvi, palilia mara mbili, jihadhari na lile gugu linalofanana na wimbi mpaka linapotoa suke. Aliongea haraka, kama mtu ambaye wenzake wanamngoja. Apolot alisikiliza hadi mwisho, akapangusa mikono kwenye leso, akakipokea kibuyu. Halafu akasema, "Hata mimi nisamehe," na wote wawili wakalia pale kati ya omena. Mimi pia nililia, na sikuwa hata na ugomvi na mtu.

Mvua ikaja Machi. Yesu hakuja.

Ilinyesha usiku na mchana, mvua nzuri, ya kumfurahisha mtu yeyote mwenye kitu cha kupanda. Hema likawa limeng'olewa; mhubiri alikuwa amevuka kwenda kuhubiri kwingine, na mpaka leo sijasikia amefika wapi. Waumini walikaa majumbani. Emorut, masikini, alionekana mlangoni akiitazama njia ambayo wilbaro ilipita. Mbegu za dukani zilipatikana kwa wenye uwezo, na wengine walikopeshwa mahindi na ndugu zao huku wakichekwa mbele ya watoto.

Shangazi hakununua mbegu. Mahindi na mtama wa wengine hakuvitaka. Alikuwa mwanamke wa wimbi lile, na wimbi lile lilikuwa ng'ambo ya mpaka, kwa mtu mwingine. Kulidai hakuweza. Wazee wa kwetu walishika neno moja: kitu kilichotolewa siku ya msamaha hakirudi. Akidai, amerudisha ugomvi. Na Apolot naye akirudisha, ni kama amemtupia msamaha wake usoni. Basi kila mmoja alikaa kwake na mvua ikiendelea kunyesha, ardhi ikiwa laini kabisa, na Shangazi akawa hali vizuri. Nilimwogopea. Ningeelewa kama angemkasirikia Mungu, lakini alikuwa akijionea haya tu, na haya zilimmaliza.

Asubuhi moja Apolot alifika na jembe begani na kibuyu mkononi. Hakuingia ndani.

"Amoding, ulinifundisha na mdomo. Mimi ni mtu wa samaki, yale yote nimesahau. Kuja unionyeshe na mikono."

"Mimi sina nguvu," Shangazi alijibu kutoka kitandani.

"Uliniambia nichunge gugu. Nitajuaje gugu? Kwangu yote ni nyasi. Ukitaka nipande nyasi nile, sema."

Hilo Shangazi hakuweza kulivumilia. Aliinuka. Walianzia kwenye kile kipande cha mpakani, mmoja akichimba na mwingine akipanda, wakaendelea upande wa Apolot, na walipofika mwisho hawakusimama, wakavuka upande wetu. Kuanzia msimu huo shamba lilikuwa moja na mavuno yaligawanywa uani kwa ungo. Hakuna aliyetamka kwamba kitu kimerudishwa, maana hakikurudishwa.

Walilima hivyo mpaka wakazeeka. Shangazi hakuacha wokovu wake, wala kungoja kwake. Apolot hakuacha ajono yake, na iliyokuwa tamu zaidi Chakol nzima ilitoka kwenye wimbi la mwanamke aliyeokoka. Ukimuuliza Shangazi, angekujibu, "Mimi nalima tu. Kile Apolot anafanyia wimbi ni kati yake na Mungu." Apolot naye alimheshimu kwa namna yake. Ule mwaka wa korona, mpaka wa Uganda ulipofungwa na foleni ya malori ikaanzia Malaba hadi mtu hakuona mkia wake, alimuuliza wakiwa shambani, bila utani, "Amoding, ile siku ni hii?"

"Inaweza kuwa ni hii," Shangazi akasema.

"Basi tumalize huu mstari."

Apolot alifariki mwaka jana, mavuno yakiwa yameshaingia ndani. Alizikwa na padri, kwa nyimbo nyingi, kando ya kile kipande cha mpakani, kwa sababu alikuwa ameomba hivyo. Shangazi alikaa na wafiwa siku zote.

Jumapili iliyofuata, mchungaji wetu kijana, Mathews, alikuja kumfariji. Mimi nilikuwa nimetoka Busia, nikawa nawapikia chai. Mchungaji alizungumza vizuri juu ya tumaini, jinsi parapanda italia na wafu katika Kristo watafufuka kwanza, kabla ya sisi tulio hai.

"Kwanza?" Shangazi aliuliza. "Kutushinda sisi?"

"Kwanza, mama."

"Kwa hivyo Apolot ataamka kabla yangu."

Mchungaji aliweka kikombe chini. Aliijua ajono ya Apolot, kila mtu aliijua. "Mama, inategemea kama alilala katika Kristo."

Nilimwona Shangazi akikaza shingo, na nikafurahi, maana tangu mazishi alikuwa amelegea.

"Mchungaji, mimi nilimwomba msamaha kwa sababu ya Yesu, akanipa. Halafu akaniinua kwa kitanda. Kama hapo hakukuwa na Kristo, basi hata mimi sijawahi kumwona."

Kijana wa watu akasema, "Ni sawa, mama." Sijui kama alilisema kwa imani au kwa adabu. Aliomba, akaaga.

Alipoondoka Shangazi aliniita karibu. Kaburi la mume wake liko upande wa pili wa nyumba, na nafasi yake imeachwa hapo kando, kama ilivyo desturi.

"Mimi nisizikwe huko," aliniambia. "Nizikwe mpakani."

"Shangazi, wazee wa ukoo watakataa. Na mzee je?"

"Mzee atanisamehe. Hata alipokuwa hai hakuwa mtu wa kuamka haraka."

Nilicheka, nikidhani ni mzaha. Yeye hakucheka. Alinishika mkono, na mkono wake ulikuwa mkavu na mwepesi sana.

"Utawaambia?"

"Nitawaambia."

"Waambie na nguvu," alisema. "Siku ya parapanda watu watakuwa wengi sana. Nitampotea Apolot."