Nyumba Isiyo na Mlango, Kwa Sababu

Katika vitabu vyote nilivyosoma, na nimesoma vingi hadi mke wangu akaviita wake wenza, sentensi ninayoipenda kuliko zote ndiyo iliyonitesa kuliko zote. Inasema: "Mwanangu, nyumba niliyokuachia haina mlango, kwa sababu". Basi. Hapo ukurasa wangu unakwisha.

Lawama ni za mwalimu wetu wa masomo ya jioni pale Mtendeni, mjini Tabora, enzi za Ujamaa. Darasa zima lilikuwa na kitabu kimoja cha hadithi. Mwalimu akasema cha wote ni cha wote, akakata uzi uliokishona, akagawa karatasi: kila mtu akasome yake nyumbani, kisha tubadilishane. Iliyofuata yangu alipewa mzee mmoja mfuga nyuki wa Sikonge. Kabla hatujabadilishana, kaya yake ikahamishiwa kijiji kipya, naye akaondoka na karatasi mfukoni.

Nilimwuliza mwalimu, kwa sababu gani?

"Ndugu, siku ile nilitazama uzi, sikutazama maneno."

Nikaitafutia sababu mwenyewe. Mkutanoni nikasema haina mlango kwa sababu mjamaa hamfungii jirani. Makofi yalitikisa mabati hadi Nzega. Harusini nikasema kwa sababu upendo haupigi hodi. Mama wa bibi harusi alilia machozi ya kutosha kupikia pilau. Lakini kila niliposhangiliwa nilizidi kukereka. Kitabu chenyewe kilisemaje?

Miaka ikapita. Mnunuzi mmoja wa asali akaniambia mzee yuko hai, akanielekeza kijijini kwake. Nikapanda baiskeli. Mchanga wa njia ile ulinimeza hadi magotini. Nadhani wapagazi wa misafara ya zamani waliuacha makusudi.

Nilimkuta anachonga mzinga.

"Shikamoo, mzee. Ile karatasi unayo?"

"Marahaba. Hata maji hujanywa!"

Akaitoa sandukuni. Mstari wa kwanza ulisema: "mbao zilikwisha."

Nikasoma tena. Mbao zilikwisha!

"Mzee, ni haya tu?"

"Haya tu? Haya yameniliza, kijana. Mbao zimekwisha, mtu anazikwa bila jeneza!"

Nikampa karatasi yangu. Akaifuata kwa kidole hadi mwisho, akahamia kwenye yake, uso ukamkunjamana.

"Mlango?"

"Mlango."

"Mlango tu!" Akanitazama kama mwizi wa mizinga. "Umetoka Tabora yote hiyo kuja kuniulia maiti wangu?"

Tukanywa maji, kila mmoja amenuna upande wake. Nilipoaga, akanirudishia karatasi yangu.

"Chukua yako, yangu iache. Na ukimpata mwenye ukurasa unaofuata, usimlete hapa."

Nikasukuma baiskeli mchangani, huku nikitafuta sababu nyingine ya kusema harusini Jumamosi.