Siku Niliyompindua Mama Mkwe Majini

Nichekeni kwanza mmalize, halafu ndiyo nisimulie, maana mkingoja mpaka nifike pale penyewe mtanikatisha, na mimi nikikatishwa nasahau nilikuwa wapi. Mimi Faki, ambaye kazi yangu ni kuwatembeza wageni kwa kayaki kwenye mikoko ya Gando, ambaye nimewafundisha wazee wa Kizungu wenye magoti mabovu namna ya kupanda tena chombo kikishapinduka, nilimpindua mama mkwe wangu, mchana kweupe, bahari imetulia kama maji ya kwenye beseni, mbele ya wanawake wasiopungua kumi. Mpaka leo nikipita njia ya pwani naangalia chini, na wao wakiniona wanaanza kukohoa.

Lakini kisa hakikuanzia majini, kilianzia kwenye karafuu. Msimu ule mama mkwe, Bi Mize, alikuwa ameanika karafuu zake kwenye majamvi uani kwetu (kwake kuna kivuli kingi), na yeye na mke wangu Riziki wakaenda mazikoni Wete, wakaniachia kazi moja tu, nikiona wingu nizikusanye. Basi. Hata mtoto angeweza. Sasa nikapigiwa simu kwamba wamefika wageni wawili wanataka kuzunguka kidogo, nikatazama juu, mbingu safi, nikajiambia nitarudi kabla ya adhuhuri. Nilirudi adhuhuri kweli, nimelowa, na karafuu zimelowa zaidi yangu. Riziki hakupiga kelele. Alifunga nguo zake, akambeba binti yetu Nasra, akaenda kwa mama yake, ambako ni mwendo wa dakika tatu kwa miguu, na dakika tatu hizo zikawa siku arubaini na tatu.

Mtaniuliza kwa nini sikwenda kuomba radhi. Nilituma! Nilimtuma ami yangu, nikapeleka sukari, nikapeleka salamu kwa jirani, na kila mara jibu la Bi Mize lilikuwa neno moja, kwamba wamesikia. Kwenda mwenyewe ndiko kulikonishinda. Kisheria mkwe ni maharimu wangu, sina dhambi hata nikimshika mkono, lakini sisi tumelelewa mkwe humtazami usoni, unamtazama vidole vya miguu, na nisimame mbele ya vidole vile nikiri kwamba niliacha mali yake inyeshewe kwa sababu napenda kucheza na maji? Nikawa nakula mkate na chai kibandani, narudi kulala nyumba kimya, hakuna Nasra wa kuimba a e i o u kwa kuzikosea. Nilimtaka mke wangu arudi. Sina namna nyingine ya kulisema hilo.

Basi Alhamisi moja asubuhi nipo pwani naosha kayaki, namwona Bi Mize anateremka na hotpoti ya uji imefungwa kwenye kanga, anakwenda ng'ambo kumtazama dada yake mgonjwa. Mtumbwi wa kuvusha watu ulishaondoka, na kwa barabara ni kuzunguka nusu ya dunia. Nikaona hii ndiyo nafasi yangu niliyokuwa naiomba. Nikamwambia, macho kwenye vidole, kwamba nitamvusha mimi. Akaitazama kayaki muda mrefu, akauliza kama plastiki ile ni ya watu au ya watoto, kisha akasema bismillahi. Mimi moyoni nikawa nishafika nyumbani na mke wangu.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo nilipoharibu. Wageni wangu wote, kabla hawajatia mguu kwenye chombo, nawapa maelezo. Nawaambia jaketi la kujiokolea lazima likazwe mpaka lisipande mabegani. Nawaambia wasiegemee upande. Nawaambia tukipinduka usikiache chombo hata iweje, kamata chombo, tukigeuze, mimi nitakishika upande wa pili, wewe lala juu ya maji kifudifudi, piga mateke, jivute mpaka tumbo lifike kwenye kiti, geuka, kaa, ndiyo uingize miguu, na ukishindwa nitakuja nyuma yako nikusukume. Dakika tano tu. Lakini hebu niambieni nyie, maneno kama hayo mtu anayatamkaje kwa mkwewe? Kifudifudi? Mateke? Nikusukume kwa nyuma? Nilifungua mdomo mara mbili, na mara zote mbili nikasema tu kwamba leo bahari shwari. Nikampa jaketi kwa mikono miwili, nikageuza uso alipokuwa analivaa juu ya buibui, na nilipogeuka nikaona mikanda inaning'inia. Niliiona. Nikanyamaza.

Safari yenyewe ilikuwa nzuri mpaka nikajisahau. Yeye mbele, hotpoti mapajani, mimi nyuma napiga kasia pole pole, maji yanakupwa, chini unaona mchanga na majani ya bahari yamelala upande mmoja. Kichwani nilikuwa naipanga sentensi yangu ya kuomba radhi. Kila ilipofika kwenye meno naibadilisha kuwa kasia jingine, kiasi kwamba tulikwenda kasi kuliko nilivyokusudia.

Tulipofika kwenye mkondo, pale tope linapoishia na kina cha maji kinapozidi ghafla, walikuwepo wanawake wanaokota chaza. Mmoja wao, Bi Hidaya, jirani yetu, akamwita Bi Mize kwa jina, akamsalimu, akamuuliza hali ya mgonjwa. Na Bi Mize si mtu wa kumjibu mwenziwe huku amempa mgongo. Akageuka mwili mzima, akaegemea upande wao ili sauti ifike, akaanza kuuliza nyumba moja baada ya nyingine, mzee hajambo, watoto hawajambo, yule aliyejifungua je. Mimi nikaona nikikaa kimya mama mkwe atasema nina kiburi juu ya makosa yangu mengine, nami nikaweka mkono kifuani, nikaegemea upande ule ule, nikasema, "Hamjambo, mama zetu?"

Kayaki iligeuka taratibu, bila haraka wala kelele, ikatumwaga.

Nilipoibuka, Bi Mize naye ameibuka, mtandio uko palepale na pini zake, buibui limejaa hewa limemzunguka, na lile jaketi nililolinyamazia limepanda mpaka masikioni, anaongea kutokea ndani yake. Neno lake la kwanza halikuwa jina langu.

"Hotpoti," alisema. "Hotpoti ya watu ile."

Nikaitazama, inaondoka na maji imesimama wima. Fikirini nafsi yangu ilivyokuwa, nimeshamharibia karafuu, nimeshamtosa baharini, halafu nimpoteze na hotpoti ya kuazima? Nikaiachia kayaki (mimi, ambaye nawaambia watu usikiache chombo hata iweje), nikaogelea kuifuata hotpoti. Niliipata, mfuniko umekaza, uji haujaingia hata tone la chumvi, nikageuka na ushindi wangu mkononi, ndipo nikaona nilichofanya. Kayaki inakwenda kwake, kasia linakwenda kwake, na katikati Bi Mize peke yake, hajashika kitu chochote, jaketi linataka kumtoka kichwani, midomo inatamka shahada polepole. Hapo niliogopa. Sikuogopa aibu, nilimwogopea yeye, na nilijua kama atazama basi Riziki sitamwona tena wala sistahili kumwona.

Nikamfikia. Kwa mara ya kwanza nikampa amri, nikamwambia, "Mama, vuta mikanda hiyo chini, mmoja mmoja, kaza." Akaivuta, jaketi likashuka, kidevu kikatoka nje. Nikampa na hotpoti aikumbatie, maana inaelea vizuri kuliko nilivyodhani, ndipo nikaifuata kayaki, nikaikamata kamba yake na kumrudishia mbele yake. Nikapitisha mikono chini ya chombo nikakigeuza. Kule kwenye tope nako ushauri umepamba moto, huyu anasema tushike mkia, yule anasema tuiache tuogelee, na Bi Hidaya anataka kujua kama uji umemwagika.

Nikazunguka upande wa pili, nikaning'inia ili chombo kisije kupinduka tena, nikaipokea hotpoti nikaitia ndani, nikamwomba ajivute. Akajaribu, buibui zito limejaa maji, akarudi chini. Akajaribu tena, akarudi. Nikaifunga ile kanga ya hotpoti kwenye mpini wa kayaki, nikatengeneza kitanzi cha kuweka mguu, akaweka, mguu ukaenda chini ya chombo na yeye akalala chali akitazama mbingu. Tukapumzika, yeye upande huu, mimi upande ule, mikono yetu imeshika plastiki moja, na nyuso zetu haziko mbali hata urefu wa mkono. Miaka saba nimeoa kwake, sikuwahi kujua kama Bi Mize ana kidoti juu ya nyusi.

"Baba Nasra," alisema, "hao wageni wako wakishindwa, huwafanyaje?"

Nikavitafuta vidole vyake vya miguu, viko chini ya maji.

"Nnakuuliza mie."

"Huwasukuma, mama."

"Wapi?"

"Kwa nyuma, mama."

Akawatazama wale wanawake wa chaza, wamesimama safu moja, ndoo mikononi. Akanirudia mimi.

"Ungenambia kule pwani," alisema, "ningevaa suruali."

Sikujua nicheke au nizame. Naye hakunipa nafasi, akauliza, "Na jengine lipi hujanambia?"

Ndugu zangu, lilitoka lenyewe. Ile sentensi niliyokuwa naipanga siku arubaini na tatu haikutoka kama nilivyoipanga, ilitoka na maji ya chumvi ndani yake, nikasema mama karafuu nilikosea mimi, niliona mbingu safi nikakimbilia maji, hakuna aliyenituma, na kuja kwako nimeona haya, ndiyo nikawa natuma watu.

"Nimengoja mdomo wako," alisema, "umeniletea sukari." Akavuta pumzi. "Haya, n'sukume. Mkondo watupeleka."

Nikazunguka nyuma yake. Nikafumba macho (kana kwamba kufumba kwangu kungesaidia kitu, na macho ishirini yako wazi kule kwenye tope), nikamwambia alale, apige mateke, nikatia bega nikasukuma kwa nguvu zangu zote. Teke la kwanza liliingia majini, la pili liliingia puani kwangu. Lakini akapanda, tumbo likafika kwenye kiti, na mimi sasa sauti imenitoka, namwambia geuka, mama, kaa, ingiza miguu sasa, shika huku na huku. Akakaa. Na wanawake wale, Mungu awasamehe, wakapiga vigelegele, vya harusini kabisa, mpaka ndege wakaruka kwenye mikoko. Mimi nikapanda kwa upande huku yeye ameegemea upande wa pili bila kuambiwa, tukalifuata kasia kwa kupiga maji na viganja, damu inanichuruzika kutoka puani.

Mgonjwa tulimfikia, uji aliunywa, akatuuliza kwa nini tumelowa, Bi Mize akamwambia kulikuwa na joto. Wakati wa kurudi nilidhani ataomba gari. Hakuomba. Alisimama kando ya kayaki, mikanda ya jaketi ameshaikaza mwenyewe, akaniambia nimpe yale maneno ninayowapa wageni, yote, nisiruke. Nikayatoa yote toka mwanzo mpaka mwisho, na kifudifudi yake na mateke yake, uso unaniwaka moto, naye anaitikia kila neno kwa kichwa. Hapo ndipo nilipoapa kwamba sitamtia mtu majini tena, awe mkwe, awe shehe, awe nani, kabla sijamwambia tukianguka nitamfanya nini. Neno la kuona haya lina uzito wake ukiwa nchi kavu, lakini ukilibeba mpaka majini linakuwa zito zaidi.

Habari zilitutangulia Gando, maana Bi Hidaya ana simu. Riziki alikuwa pwani na nguo kavu za mama yake begani, anajizuia kucheka na hawezi, na mimi sikuwa nimeyaona meno yake tangu msimu. Bi Mize akashuka, akapokea nguo, akamwambia mwanawe, "Mfuate mumeo. Lake kesha kulisema."

Nikavuta kayaki mchangani, nikangoja. Riziki hakuondoka aliposimama.

"Umemwambia mama," alisema. "Mie je?"

Nyuma yangu wale wanawake walikuwa washarudi, ndoo zao zimejaa, nao wamesimama. Nikalisema tena, lote, kwa sauti, maji yananidondoka na pua imevimba, nikamwambia nilikuacha ukakuta karafuu zimelowa, kisha nikakuacha siku zote hizi nikiwatumia wengine, nimekosa mimi. Riziki akanitazama mpaka nikadhani halijatosha. Kisha akainama, akaokota kasia, akaliweka begani, akashika njia ya kulia, ile inayokwenda kwetu.