Mbuzi Asubuhi na Jioni

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kitengo cha mazoezi ya viungo cha hospitali moja mjini Unguja, sikupewa mgonjwa wala koti jeupe. Mkuu wa kitengo alinionesha kigoda kifupi akaniambia, "Kaa. Haya, inuka bila ya kushika kitu." Nikainuka. "Tena." Nikainuka tena na tena, mpaka mapaja yakawaka moto na mimi nikaanza kumchukia.

"Unaumwa wapi?" akauliza.

"Hapa mbele, juu ya goti."

"Basi ijue misuli hiyo. Ukiiacha ilale kwa mzee, mzee naye atalala. Watu watakwita mkandaji. Waache. Kazi yako si kukanda, ni kuamsha."

Nyinyi mnaosomea kazi hii leo mna vifaa vya kila namna. Sisi tulikuwa na vyuma viwili vya kushikilia, baiskeli isiyokwenda popote, na vifuko vya mchanga tulivyovishona wenyewe, vya kufunga kwenye kifundo cha mguu ili mgonjwa anyanyue uzito. Mkuu wetu hakupenda maneno makubwa. Ile hali ambayo vitabu huieleza kwa majina marefu, yeye aliiita kutu. Mwili ukichoma chakula kupata nguvu, alisema, hubakisha masazo makali, na yakizidi huharibu chembe za misuli. Kijana ana kinga ya kutosha ya kuyazima. Kinga ya mzee hupungua, na akikaa tu hupungua zaidi, ndipo misuli inaposinyaa.

"Na dawa yake?" nilimuuliza.

"Ajongee, ale vizuri. Mboga za majani, matunda, samaki, kunde. Na vidonge vya dukani visikutie tamaa. Sijaona kidonge kilichomsimamisha mtu aliyekataa kusimama."

Baadaye nilihamishiwa Makunduchi, kisha Mkokotoni. Makunduchi wanawake wanaolima mwani waliniletea migongo na magoti yanayouma, lakini mapaja yao yalikuwa magumu kweli kweli. Mkokotoni nilikuwa nikiwatazama wazee wa Tumbatu wakishuka chomboni, mguu mmoja majini na mwengine bado juu, na nusu ya uchunguzi wangu ilikuwa imekwisha kabla hawajafika mlangoni. Niliporudishwa mjini ndipo nilipokutana na ugonjwa mwengine kabisa, nao ni mapenzi. Kwetu mtoto mwema ni yule ambaye mama yake hanyanyui hata kikombe. "Pumzika, mama." Mama akipumzika, miguu inaisha.

Bi Kazija alikuwa mmoja wa mama hao. Alianguka uani kwake Makunduchi, hakuvunjika kitu, lakini mwanawe Haji aliingiwa na hofu akamchukua kwake Mbweni na kumweka kwenye kochi. Miezi ikapita. Waliponijia, bibi hakuweza kuinuka bila ya kuvutwa mikono miwili.

"Nnataka kwangu," aliniambia. "Hapa nnakaa kama mgeni wa harusi. Naletewa, naondoshewa."

Haji hakuwa mkaidi bure. "Bi Rukia, kule anaishi peke yake. Siku atakayoinuka chini mwenyewe, ntampeleka mimi kwa mkono wangu. Kabla ya hapo, siwezi."

Nikaona ni haki. Nikampa bibi mazoezi ya kuanzia kwenye kiti kirefu, na Haji nikamweleza chakula cha kujenga misuli. Mgonjwa mwengine alikuwa ananisubiri, kwa hiyo nikamalizia nimesimama mlangoni: "Akishazoea kiti, basi mbuzi. Asubuhi na jioni, usimnyime."

"Naam," akasema Haji. "Mbuzi atampata."

Waliporudi, Bi Kazija alikuwa amenawiri, mashavu yanang'aa. Nikamwambia ainuke. Miguu ile ile.

"Na mbuzi je?" nikamuuliza Haji.

"Kila siku! Asubuhi supu, jioni mchuzi. Wallahi nyumba nzima tushachoka, hata mapazia yananuka beberu."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. "Haji! Mbuzi ya kukunia nazi!"

Yeye hakucheka. "Nimkalishe mama yangu kwenye mbuzi akune nazi, na mimi mashine nnayo jikoni, na mke nnaye? Watu watasemaje?"

Nikamweleza kuwa kiti cha mbuzi ni kile kigoda changu cha siku ya kwanza: mtu hushuka, hubana mapaja, mikono inafanya kazi, kisha lazima ainuke. Akaendelea kutikisa kichwa. Ni mama yake aliyemkata kauli.

"Mwanangu, wewe unaogopa watu. Mimi naogopa kochi."

Mbuzi ikatolewa stoo. Mwanzo tuliweka mito juu yake na mkwewe akasimama ubavuni. Mito ikapungua, mmoja mmoja. Supu haikuachwa, maana ilikuwa inasaidia, na mchicha ukazidi sahanini.

Siku ya mtihani nilitandika mkeka. Bi Kazija alikaa chini, akanyoosha miguu, akatutazama. Haji, kwa mazoea, akampelekea mkono.

"Rejesha mkono wako."

Akageuka ubavu, akapiga goti, akaweka kiganja juu ya paja. Paja likatetemeka sana. Akainuka. Akajiweka sawa, akavuta buibui lake, ndipo akamwambia mwanawe, "Sasa nipe." Haji akampa mkono, akalia mbele yetu sote. Ijumaa iliyofuata alimrejesha Makunduchi.

Sasa nimestaafu, na mkuu wangu ameshatangulia mbele ya haki. Binti yangu ni mtoto mwema, Mungu ambariki. Ameninunulia mashine ya nazi. "Mama, pumzika, ushafanya kazi ya kutosha." Nampenda, na maneno yake yananitisha, kwa sababu najua kazi niliyoifanya ndiyo iliyonifikisha hapa na miguu yangu. Mashine nimeiweka juu ya kabati, imependeza.

Juzi alinikuta nimekaa kwenye mbuzi, bakuli limeshajaa. Akanikimbilia, mkono mbele. Nikauacha hewani. Nikaweka kiganja juu ya paja, nikapanda polepole, magoti yakilia, yeye akiwa amezuia pumzi. Nilipofika juu nikatabasamu.

"Sasa nipe," nikamwambia.