Nilimsuka mdogo wangu kwa wivu, sasa mama mkwe wake anaitwa mtia sumu

Admin, naomba ufiche jina langu. Jina la mtaa wetu, Majengo, unaweza kuliacha, wasusi tuko wengi hapa Goma, hawatanijua. Nina miaka thelathini na mmoja, nina mume na watoto wawili, na najua haya ninayoandika yatanipa matusi. Nitukaneni, lakini mkimaliza mnishauri.

Kazi yangu ni kusuka. Ukikaa kwenye kiti changu nitakuambia ukweli wote: nywele za mbele hazivutwi, rasta hazikai zaidi ya mwezi na nusu, ukifungua acha kichwa kipumzike kwanza, na mafuta yapakwe kwenye ngozi, si juu ya meshi, zile nywele za kubandika. Wateja wananisifu kwa hilo. Lakini kinyozi hajinyoi. Mimi nilianza kutia dawa ya kulainisha nikiwa na miaka kumi na nne, juu yake nikabandika meshi mwaka baada ya mwaka bila kupumzika, na leo kuanzia kwenye paji mpaka juu ya masikio sina kitu. Navaa periki, yaani wigi, hata nikiwa nafua.

Mdogo wangu, nimwite Furaha, ana miaka ishirini na mitatu. Huyu hajawahi kugusa dawa. Leo kasuka mistari, mwezi ujao rasta, halafu anaziacha hivyo hivyo na kitambaa, na nywele zinazidi kujaa tu. Mama akikaa naye uani anamchambua kichwa anasema, "Huyu njo alibebaka nyele ya mama yangu." Mimi niko hapo hapo nachambua sombe, majani ya muhogo, hakuna anayenitazama. Siku moja baba watoto wangu naye, anakunywa zake chai, akasema, "Furaha ana nyele, kweli." Basi, ni hayo tu. Siku hiyo sikuongea naye mpaka jioni, na hakujua kosa lake. Sitawadanganya kwamba nilikuwa na huzuni. Ulikuwa wivu, tena wa zamani, ulinianza tangu tukiwa wasichana.

Furaha akapata mchumba, kijana mpole, kwao ni mji wa Kiwanja. Mbuzi za dote, yaani mahari, zikaletwa, siku ya kanisa ikapangwa. Akaja kwangu anacheka, akaniita Yaya kama kawaida, yaani dada mkubwa: "Yaya, unisuke wewe. Mikono ya mutu mwingine siamini."

Nilichagua meshi nzito kuliko zote. Nikaanzia mbele kabisa, kwenye vile vinywele laini ambavyo kila mteja namkataza visiguswe, nikavuta. Machozi yakamtoka. "Yaya, iko inaniuma sana." Nikamjibu, "Vumilia, itakaa muzuri kwa picha." Wiki ya pili alirudi na vipele kwenye paji, anaomba nimlegezee. Nikakataa, nikamwambia zikae hivyo mpaka harusi ikaribie. Zikakaa miezi miwili. Nilijua ninachofanya, jamani. Nilitaka zipungue kidogo tu, na yeye aonje.

Sasa katikati ya hapo mama mkwe wake alisikia bibi arusi analalamika kichwa. Yule mama akatengeneza mafuta ya nyonyo kwa mikono yake, akayatia kwenye chupa, akampa mtu wa moto, dereva wa pikipiki, ayalete kutoka Kiwanja. Furaha akawa anapaka kila asubuhi, anajivunia kwamba tayari anapendwa huko.

Jumamosi iliyopita nilimfungua, nyumbani kwa mama, mwenyewe akiwepo. Nywele za mbele zilitoka pamoja na meshi, zikabaki mkononi mwangu. Paji likawa tupu kama langu. Mungu anisamehe, kwa kitambo kidogo nilifurahi. Halafu Furaha akajiona kwenye kioo, akapiga kelele ambayo bado naisikia.

Mama hakuniuliza lolote. Alichukua ile chupa, akainusa, akasema, "Hii ni sumu. Bale bantu banataka kutuulia mutoto mbele hata hajaingia kwabo." Huku kwetu neno sumu likishasemwa, halirudi. Mpaka jioni mtaa mzima ulijua. Wajomba wakaitwa. Jumapili hii baada ya misa familia zote mbili zinakaa kwetu, na mama ameapa kwamba mbuzi zitarudi Kiwanja. Yule mama alipiga simu analia, anasema mafuta hayo ndiyo amewapaka watoto wake wote tangu wazaliwe. Mama alimkatia simu.

Mimi nimenyamaza. Nikisema, mama hatanitaka tena nyumbani kwake, mume wangu atajua amelala na mtu wa namna gani, na hakuna mwanamke atakayenipa kichwa chake. Nisiposema, mama wa watu ataitwa mtia sumu mpaka anaingia kaburini, na mdogo wangu atampoteza mwanaume anayempenda. Na bado, usiku nikimkumbuka na zile nywele zake, roho inanichoma vile vile. Sijui huu ni ugonjwa gani.

Jana Furaha alikuja kwangu, kichwa amekifunga kitenge, macho yamevimba. Nilidhani amegundua. Akanishika mkono: "Yaya, bajomba banasema siku ya yenga, kisha misa, weye njo utasema. Weye uko fundi ya nyele. Ukisema njo mafuta, naachana naye. Ukisema haiko mafuta, naolewa. Mimi nitafwata mudomo yako tu."

Nikamwambia sawa.

Ndugu zangu, leo ni Alhamisi. Nikisema si mafuta, mama atageuka aniulize mbele ya wote, "Sasa ilikuwa nini?" Nishaurini, nimjibu nini?