Mkono wa Adalbert na Chatu wa Bwana Foto

Watu wa Cité Albert, mtaa wa weusi, walimwita shemeji yangu "mama wa nyoka", naye alicheka tu. Mimi sikucheka hata siku moja. Mimi ni Kalaba, mdogo wake Jeanne, na Jeanne ndiye mke wa huyo shemeji, Adalbert Kapya. Miaka hiyo nilikuwa dobi katika nyumba ya jirani. Kwa hiyo sisimulii ya kuambiwa. Niliyaona kwa macho yangu juu ya ua wa majani, nguo za wazungu zikinidondokea maji miguuni.

Adalbert alitoka Kasenga, kwenye mto Luapula. Alikuja Élisabethville kutafuta kazi ya gari moshi, akapata kazi ya chatu. Tajiri wake alikuwa mpima ardhi, Mbelgiji asiye na mke, aliyependa vitu viwili duniani: kamera yake ya miguu mitatu, na chatu jike wa mita nne aliyemwita Duchesse. Yeye tulimwita Bwana Foto. Nyoka tulimwita Dushesi.

Hakuna aliyemfundisha Adalbert kazi ile. Alijifunza kwa kutazama, akajitungia sheria, na sheria zake zilikuwa kali kuliko za padri. Sungura mmoja kila baada ya wiki mbili, auawe kwanza, apelekwe kwa koleo refu, si kwa mkono. Kabla ya kufungua sanduku, mikono ioshwe kwa sabuni na majivu mpaka kwenye viwiko, kwa sababu chatu haoni vizuri, anasoma kwa ulimi. Mkono ukinuka sungura, kwake ni sungura. Akisha kula, asiguswe siku saba, mpaka ule uvimbe tumboni ushuke. Miezi ya baridi mbabula, jiko la bati lenye makala ya moto, iwekwe karibu na sanduku, la sivyo chakula kitamwozea tumboni.

"Weye Kalaba," aliniambia siku moja niliponyoosha kidole kumgusa, "kama umekula bukari yako, umeshiba, bantu banakuja kukutikisa tumbo, utafurahi? Utatapika. Naye ni vile vile. Umuache."

Nilimwona mjinga. Mtu mzima anamsemea nyoka! Lakini Dushesi alinenepa, ngozi yake ikang'aa, na kwa miaka mitatu hakumwuma mtu. Hilo nalikubali.

Shida ililetwa na picha. Jumapili ya mwisho ya kila mwezi Bwana Foto aliwaalika wenzake, na baada ya chakula Jeanne aliitwa barazani, akavuliwa kitambaa mabegani, akavishwa Dushesi shingoni. Dada yangu alikuwa mzuri, ndiyo dhambi yake. Alisimama pale macho mbele, kama walivyomwagiza, na wazungu walivuta sigara wakimkadiria, yeye na nyoka pamoja. Mimi nilikuwa nafua. Nilifua shati moja mpaka likachanika.

Kisha Bwana Foto akagundua kwamba chatu aliyeshiba hana sura. Analala begani kama gunia. Mwenye njala huinua kichwa, ulimi nje, na picha inapendeza. Akaamuru sungura wasitolewe mpaka picha zipigwe. Adalbert akasema ndiyo Bwana. Angesema nini? Buku yake ya kazi ilikuwa mezani kwa Bwana. Mtu mweusi asiye na tajiri hakuwa na ruhusa ya kukaa mjini, na Jeanne alikuwa amekwisha kuzika watoto wawili kule Kasenga. Masista wa hospitali walimwambia: mimba ya tatu uizalie hapa hapa, ukienda kijijini utazika tena. Basi mji ule, kwa hao wawili, ulikuwa mtoto.

Jumapili moja ya mwezi wa pili wageni walikuwa wengi, mpishi akazidiwa, akamwita Jeanne amsaidie kunyonyoa kuku. Dada yangu akanyonyoa sita. Alikuwa bado ana manyoya vidoleni alipoitwa barazani, akajifuta kwa kitambaa, akaenda. Adalbert alikuwa nyuma analeta sanduku. Hakumwona akiwa na kuku. Sheria zake zote alizijua yeye peke yake. Hakukumbuka kumfundisha mke wake.

Dushesi alikuwa hajala wiki tano. Alipowekwa begani alionja hewa mara mbili, akamwuma Jeanne juu ya titi, akaanza kumviringa. Dada yangu hakupiga kelele, alitoa pumzi tu. Adalbert akarukia mkia. Chatu hafunguliwi kwa kichwa, hufunguliwa kuanzia mkiani, pindo baada ya pindo, na hiyo inataka mikono na muda.

"Ne bouge pas!" Bwana Foto alilia kutoka nyuma ya kamera. "Jeanne, usicheze! Encore une! Moja tena!"

Alipiga picha tatu. Nilihesabu. Ya nne ilimponyoka kwa sababu Adalbert alikwisha kumfungua mkewe.

Jeanne akapona, akabaki na alama ya nusu duara, kama ya meno ya mtoto. Mwezi wa nne akaniambia kwamba ana mimba. Nilimkumbatia, tukalia wote wawili, mimi kwa furaha na yeye kwa woga.

Adalbert akapiga moyo konde, akaenda kusimama mbele ya Bwana, kofia mkononi.

"Bwana, pardon. Bibi yangu iko na mimba. Tafazali, asibebe nyoka tena mpaka azae."

Bwana Foto akaweka kalamu chini. Uso wake ukafunguka, Adalbert aliniambia, mpaka akadhani ombi limekubaliwa.

"Mimba? Njo muzuri sana! Tumbo na nyoka pamoja. Tutangoja ikuwe mukubwa kidogo, mwezi wa sita."

Hakuwa amelewa. Alikuwa amefurahi. Ndiyo maana mpaka leo mtu akiniambia kwamba wazungu wale walikuwa na hasira tu, moyo wao ulikuwa safi, namwomba aondoke mbele yangu.

Adalbert akavunja sheria yake mwenyewe. Ijumaa kabla ya picha za mwezi wa sita alimlisha Dushesi kwa siri, sungura mkubwa, akaongeza makala kwenye mbabula. Alijua ni ukatili kumgusa nyoka siku mbili tu baada ya kula. Alichagua. Heri nyoka aliyeshiba ateseke kuliko nyoka mwenye njala kwenye tumbo la Jeanne.

Jumapili Dushesi akalala begani kama gunia, mpole kabisa. Bwana Foto akamtikisa kichwa ili ainuke. Akamtikisa tena. Nyoka akafungua kinywa, akajikunja, na polepole, mbele ya mabibi wa kizungu, akamtoa sungura, amelowa, manyoya yamebanduka, ananuka mzoga. Sungura akaangukia viatu vya Bwana.

Bwana hakumpiga Adalbert mbele ya wageni. Alimtuma kwa polisi kesho yake na barua, akapigwa fimbo nane, akarudi akitembea kama mzee. Kwenye sanduku akakuta kufuli mpya. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Bwana.

"Sasa atakula siku mimi nitasema," Bwana alisema. "Picha, Jumapili ya mwisho ya mwezi wa saba. Kama bibi hataki, chukua buku yako, mwende Kasenga leo."

Wiki tano nyingine. Juu ya kutapika, juu ya baridi. Adalbert alikuwa akienda jioni kuchuchumaa mbele ya wavu wa sanduku, anaweka makala, anamtazama. Alimwambia Jeanne mbavu zinaonekana. Jeanne alikuwa na mimba ya miezi sita, alikuwa anashikilia tumbo lake kwa mikono miwili hata akiwa amelala.

Usiku wa kuamkia Jumapili hiyo sijui waliongea nini. Najua kwamba asubuhi Adalbert alimwosha Jeanne yeye mwenyewe, kwa sabuni na majivu, mikono, shingo, mabega, kama maiti. Halafu akaenda kwenye vizimba vya sungura nyuma ya jiko. Nilimwona juu ya ua. Alimchinja mmoja, akaingiza mkono wa kuume tumboni mwake mpaka kwenye kifundo, akaugeuza humo taratibu, kama mtu anayetafuta pete. Akautoa. Hakuuosha. Akashusha mkono wa shati.

Alinikuta namtazama. "Nyamaza, shemeki," akasema.

Nikanyamaza. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Wa kwake haukuwa mtupu.

Bwana alipofungua kufuli, Jeanne akiwa amesimama tayari, mabega wazi, tumbo mbele, Adalbert alitangulia kuingiza mkono sandukuni, ule wa kuume. Dushesi hakuonja hewa hata mara moja. Aliupokea mkono mzima, vidole hadi kifundo, akaviringa pindo tatu juu yake. Jeanne akarudi nyuma. Hakuna aliyemkumbuka tena.

Mgeni mmoja, Monsieur Gérard, alikuja na chupa ya jini, ile pombe kali, ammwagie nyoka kinywani, ndivyo huachia. Bwana Foto akamzuia kwa kiwiko. Jini ingemuunguza Duchesse wake. Wala kisu, wala kumvuta. Alisema wangoje, nyoka atachoka mwenyewe, na huku anapiga picha. Adalbert alipiga magoti, jasho likimtiririka. Ilikwenda robo saa nzima. Meno ya chatu yamelala kuelekea ndani; ulipotoka, mkono haukuwa mkono tena. Siku ya tisa hospitali wakaukata.

Picha ilitoka vizuri sana. Bwana alifurahi hata akawaachia chumba walichokaa nyuma ya nyumba yake mpaka Jeanne ajifungue. Constance alizaliwa mwezi wa kumi, mzima, mkali, na sauti ya kuamsha mtaa. Kwenye buku ya kazi Bwana akaandika kwamba Kapya ni mtu mwaminifu lakini hafai tena kazi ya mikono. Parokia ikampa kazi ya kengele, akaivuta kwa mkono wa kushoto miaka yote. Mtoto alipomwuliza, alisema mkono ulichukuliwa na mashine.

Constance alipokuwa na miaka kumi na saba tulipita kwenye duka la vitabu karibu na posta, akaona kadi za posta dirishani. Moja ilikuwa na mkono mweusi ndani ya kinywa cha chatu. Mwenye mkono alikuwa amekatwa na ukingo wa kadi. Jeanne hakuwamo kabisa. Constance alisoma Kifaransa kilichoandikwa chini, akanitafsiria: "Mwindaji wa Katanga na mawindo yake." Akacheka. Alisema huyo mwindaji mpumbavu.

Nilimpiga kofi pale pale, mbele ya watu, kisha nikamweleza yote. Aliinunua kadi, akaenda nayo nyumbani, akamwekea baba yake mapajani.

Adalbert aliishika kwa ule mkono mmoja. Akaisogeza kwenye mwanga. Nilingoja alie, au atukane, nilikuwa nimemngoja atukane miaka kumi na saba.

"Ona vile ilikonda," alisema. "Ilikuwa na njala mingi, masikini."

Akamrudishia binti yake kadi, akaenda kupiga kengele.