Viatu vyangu vya bethidei kutoka kwa babu na bibi wamisionari vilivyopigwa mnada kanisani, Sumbawanga

Wakuu, poleni na majukumu.

Kuna mtu kwenye uzi mwingine ameuliza ni zawadi gani ya bethidei hutaisahau. Nilianza kumjibu kule kule, nikaona jibu linanenepa, bora lipate uzi wake. Haya ninayoandika yametokea kweli. Mama yangu yupo hai, atakayebisha nitamuunganisha naye kwa simu, na namuonea huruma mapema.

Mimi ni mtoto wa Sumbawanga mjini. Nazungumzia miaka ile ya ruksa, mambo yalipoanza kulegezwa. Maduka yalijaa kila kitu, mifuko ya baba zetu ndiyo ilikuwa mitupu. Watu binafsi waliruhusiwa kununua mahindi, na makanisa mapya yakawa yanachipua kila mtaa.

Letu lilikuwa mojawapo. Tulisali kwenye godauni la zamani la ushirika, bado linanuka mahindi na dawa ya kuulia dumuzi. Hatukuwa na benchi za kutosha. Mvua ikinyesha, kwaya inahama kona.

Sasa kanisa hilo hilo likakaa kikao na kuamua kutuma wamisionari nje ya nchi. Serious kabisa. Waliochaguliwa ni babu na bibi yangu, wazazi wa baba.

Nje ya nchi yenyewe ni Zambia. Unatoka mjini, unapita Matai, unafika Kasesya, unavuka mpaka, ukisogea kidogo umefika. Watu wa kule ukiwasemesha Kifipa mnasikilizana bila mkalimani. Lakini babu na bibi waliagwa kwa machozi kama wanakwenda mwisho wa dunia, na tangu siku hiyo kila barua ya babu ilianza na "sisi tulioko ugenini".

Niwajulishe na baba. Baba alikuwa mzee wa kanisa, na zaidi ya hapo alikuwa dalali wa mnada wa sadaka. Waliokulia makanisa ya bara wananielewa. Asiye na pesa analeta alichonacho: mayai, boga, ulezi, kuku aliyefungwa miguu. Vinawekwa mbele, ibada ikiisha vinatolewa nje na kunadiwa, pesa zinaingia kanisani.

Baba alikuwa na kipaji cha kazi hiyo. Angeweza kukuuzia boga lako mwenyewe ukaondoka unashukuru.

Alikuwa pia na sheria yake moja: kilichofika mbele hakirudi. Kuna mama mjane aliwahi kutoka sokoni na ndoo mpya, akakosa pa kuiweka, akaisogeza kule mbele karibu na maboga. Ikanadiwa. Yule mama alipolalamika, baba akamwambia mbele ya watu wote kwamba kitu cha Bwana hakirudi nyumbani. Watu wakasema amina. Mjane wa watu akaenda zake bila ndoo.

Basi nikatimiza miaka kumi. Ilikuwa mwezi wa saba, na mliofika Sumbawanga mwezi wa saba mnaujua ule upepo wake. Mimi nilikuwa mtoto wa kandambili. Asubuhi nikifika shule miguu siisikii, na magaga yalikuwa yamepasuka mpaka yanatoa damu. Viatu ndicho kitu pekee nilichokuwa nakililia mwaka mzima.

Jumapili hiyo, katikati ya ibada, akaingia kaka mmoja muumini wetu, utingo wa lori la Kasesya, vumbi mpaka kwenye kope. Ana kifurushi na barua. Mchungaji kusikia vimetoka kwa wamisionari, hakutaka hata kuuliza ni vya nani. "Leta hapa mbele, kaka, kanisa lione!"

Kifurushi kikawekwa mbele. Barua akapewa baba asome kwa sauti.

Kumbe barua ni yangu.

Naikumbuka karibu yote. "Mjukuu wetu Oliva, Bwana asifiwe. Sisi tulioko ugenini tunakusalimu. Umetimiza miaka kumi, hongera. Kazi inasonga mbele ingawa baiskeli imepasuka mpira wa nyuma, tuombeeni mpira. Juzi tumebatiza, maji yalikuwa ya baridi sana, mmoja akaghairi akiwa katikati ya mto. Mwombeeni na huyo."

Ikaendelea hivyo ukurasa mzima, bethidei yangu imegeuka ripoti ya kazi. Babu hakuwahi kuandika barua ya mtu mmoja maishani mwake.

Mwisho kabisa kulikuwa na maneno ya bibi, ambaye hakujua kuandika ila alijua kumsimamia anayeandika: "Bibi yako anasema magaga yako yanamuuma yeye. Viatu hivi ni vyako. Vaa na soksi."

Mchungaji akafungua kifurushi. Viatu vyeusi vya kamba, vipya, vinang'aa. Kanisa zima likasema haleluya. Mimi nilisimama bila kujijua, mama akanivuta gauni nikae.

Ibada ikaisha. Mashemasi wakaanza kubeba vitu vya mbele kupeleka nje kwenye mnada. Wakabeba maboga, wakabeba kuku, wakabeba na viatu vyangu.

Mama akamfuata baba. Namnukuu: "Baba Oliva, vile ni vya mtoto. Umesoma mwenyewe."

Baba akatazama huku na huku. Mchungaji yupo, wazee wenzake wapo, na yule mama wa ndoo yupo, tena amesogea mbele kabisa, amekunja mikono anasubiri kusikia. Baba akasema, "Kilichofika mbele hakirudi."

Mama alikuwa na vijipesa kwenye pindo la kanga. Akaingia mnadani kugombea viatu vya mwanawe. Akapanda dau mara moja, akapanda tena. Mpinzani wake alikuwa Baba Fides, mnunuzi wa mahindi, tajiri mpya wa mtaa wetu, mtu aliyekuwa hajui kuinua mkono bila kusema "kwa utukufu wa Mungu". Mama akiongeza kidogo, yeye anatukuza zaidi. Pindo la kanga likaisha.

Baba akaita mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alitazama bati, akatazama maboga, akatazama kila kitu isipokuwa sisi.

Wakuu, iliniuma. Inaniuma mpaka leo na sina mpango wa kuacha.

Kilichonimaliza ni Mchungaji kuniita mbele na kutangaza kwamba mtoto Oliva ametoa viatu vyake kwa ajili ya Injili. Nikapigiwa makofi. Jumatatu Fides, ambaye tulikuwa tunakaa dawati moja, akaja shule navyo, anatembea kama vinamuunguza. Kanisa likamwandikia babu barua ya kumpongeza kwa kuwa na mjukuu mkarimu.

Mama hakuandika kitu. Alimpa yule utingo ujumbe wa mdomo, ampelekee bibi peke yake.

Bila shaka bibi alimsimulia babu, maana majibu ya babu yakaja kwanza: amesikitika, anafunga na kuomba juu ya jambo hilo. Bibi hakufunga wala hakuomba. Alipanda lori.

Alifika Jumamosi jioni, juu ya magunia, amejifunga blanketi. Baba akamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia marahaba, halafu hakumsemesha tena mpaka kesho yake.

Jumapili wakati wa kutoa sadaka bibi akanishika mkono. Nilidhani ananipeleka nikatoe naye. Tukafika mbele, akanisimamisha kati ya boga na jogoo, akarudi kukaa. Nikabaki pale. Jogoo ananitazama, nami namtazama.

Ibada ikaisha, mashemasi hawajui wanibebe au waniache. Nikatoka nao mwenyewe mpaka kwenye mnada. Bibi akaja akasimama mbele ya mwanawe.

"Mwanangu, nadi."

Baba akacheka kidogo. "Mama, huyu ni mtoto."

"Hata vile vilikuwa vya mtoto. Amefika mbele, kanisa zima limeona. Nadi."

Baba Fides kwa mazoea akaanza kuinua mkono, mkewe akaushusha. Yule mama wa ndoo alikuwa ameziba mdomo kwa kanga, mabega yanamcheza. Mchungaji akakumbuka ghafla ana mgonjwa wa kwenda kumwombea.

Baba jasho linamtoka na baridi ile. Safari hii alinitazama. Nilikuwa kwenye kandambili zangu, meno yanagongana. Akasema kwa sauti ndogo, "Ni wa kwangu."

Bibi akasema, "Sema wa nyuma wasikie."

"Ni wa kwangu, mama!"

"Kuna anayepanda?" Bibi akazungusha macho kwa watu wote. "Mara ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Haya, amekuangukia wewe. Mnunulie viatu."

Jumatatu baba alinipeleka kwenye mitumba ya sokoni. Akapiga magoti kwenye vumbi, akanivalisha mwenyewe, akafunga kamba, akafungua, akafunga tena. Akaniomba msamaha akiwa ameinamia kiatu. Mnada akauachia mtu mwingine.

Funzo nililobaki nalo ni hili: kuna watu ni wakarimu sana kwa Mungu, ila ukichungulia wanachotoa, utakuta ni cha mtoto, cha mke, au cha mjane. Ukitaka kutoa, anza kwa kuvua chako.

Ukumbi ni wenu. Aliyewahi kunadiwa kitu chake aje atoe ya moyoni. Wazee wa kanisa mnakaribishwa pia, ila anayekuja na mistari ya kunituliza aniambie kwanza yeye alivaa nini miguuni akiwa na miaka kumi.